Nyuzi Ndogo Huitwa Kwanza

Somo letu ni 1 Wakorintho 12:14-27.

Mtume Paulo anataja jicho, mkono na mguu. Leo tuingie ndani ya mkono wenyewe. Mama anapoinua dumu la lita 20 pale bombani, msuli wake una nyuzi nyembamba nyingi mno, wala hakuna uzi unaojiamuru. Amri hutoka kichwani, hupita uti wa mgongo, hushuka kwa neva. Kila neva ina kundi lake la nyuzi: kwenye jicho ni chache tu, kwenye shavu la mguu huzidi elfu moja. Neva ikiita, kundi lake lote hujikaza pamoja. (Sijui ni kwaya ngapi zinaweza kusema hivyo!)

Sasa angalieni utaratibu wake. Dumu likiwa tupu, huitwa makundi madogo. Uzito ukizidi, huongezwa makubwa. Hayo makubwa yana nguvu nyingi, lakini huchoka upesi. Madogo ndiyo hudumu, na hata mzigo uwe mzito namna gani, yenyewe huwa yamekwisha kuanza.

Naandika haya kwa sababu tangu wazee wawili na waimbaji wetu kadhaa wapate safari ya ng'ambo, nasikia watu wakisema: "Tumebaki sisi wadogo tu, tungoje Mungu alete wengine." Ndugu zangu, kungoja huko kutatumaliza. Mmeona mguu uliofungwa plasta kwa majuma mengi, unavyotoka umekonda. Na msuli ambao neva yake imekatika hukonda zaidi, hata mwenyewe akila vizuri.

Lakini mtu akianza mazoezi, majuma ya kwanza nguvu zake huongezeka kabla nyama haijaongezeka. Kilichobadilika hasa ni neva: zimejifunza kuita nyuzi nyingi zaidi. Kwa hiyo anayesema, "Nitatumika nikipata nguvu," amegeuza mambo juu chini. Someni Waebrania 12:12, muone ni mikono ya namna gani inayoambiwa iinuke. Na anayeita ni Kichwa, yaani Kristo, Waefeso 4:15-16.

Jumamosi hii tunaezeka nyumba ya mama mjane wa jumuiya yetu. Watoto wa shule ya Jumapili waje saa moja asubuhi kubeba nyasi. Baba wenye misuli waje saa mbili, kupandisha miti.