Mtaji na Mkono

Fedha iliyolala haina sifa wala lawama. Imo ndani ya sanduku, nayo kwa muda huo ni kama jahazi lililopandishwa pwani: halijafika popote, wala halijazama. Lakini siku inapotolewa na kutiwa katika kazi ya mtu mwingine, fedha hiyo hugeuka kuwa tendo, na kila tendo lina hukumu yake. Mtu mwenye akiba ndogo anapompa fundi mtaji wa kuunda chombo chenye manufaa kwa watu, je, ametoa sadaka, ametoa mkopo, au ameingia katika ushirika? Majibu matatu haya yanafanana kwa sura kama watoto wa tumbo moja, lakini haki na wajibu wa kila moja ni mbali mbali.

Na uchukuliwe mfano ulio wazi. Fundi wa Kilwa Masoko ataka kuunda chaja ya simu inayoendeshwa kwa mkono. Anahitaji sumaku, waya wa shaba, magurudumu ya meno ya kuongeza mwendo, betri ya kuhifadhi umeme, na miezi michache ya kula kabla chombo cha kwanza hakijauzwa. Mwenye akiba, labda mwalimu aliyestaafu au mwenye mashua mbili za uvuvi, anaombwa atoe fedha. Haja ya watu anaijua. Kuna wavuvi wanaolala dagoni siku nyingi. Kuna wakulima wa ufuta na korosho ambao mashamba yao yako mbali na nguzo za umeme. Na kuna wengi ambao simu ndiyo benki yao, kwa kuwa fedha za mauzo huingia humo na kutoka humo. Simu ikizimika, mkoba wa mtu umefungwa naye hana ufunguo.

Haja hiyo ni ya kweli, lakini haja ya kweli haitoshi kukifanya chombo kuwa cha kweli. Hapana budi kipimo kitangulie wema. Chaja ndogo ya mkono hufikisha katika betri kama wati 3 hivi, mzungushaji akiwa hajachoka. Betri ya simu ndogo ya vitufe huhifadhi kadiri ya wati 4 kwa saa moja; betri ya simu kubwa ya kioo huhifadhi kadiri ya 15. Kwa hesabu hiyo, simu ndogo yataka zaidi ya saa nzima ya kuzungusha ili ijae, na simu kubwa yataka saa tano, nao hakuna mkono utakaokubali kazi hiyo. Lakini dakika kumi za kuzungusha huipa simu ndogo sehemu ya nane ya tumbo lake, nayo yatosha kupeleka habari ya mgonjwa, kuuliza bei ya samaki, au kuita msaada baharini. Basi chaja ya mkono ni chombo cha dharura. Si badala ya umeme wa nyumbani. Fundi anayesema vingine anadanganya, na mwenye mali asiyefanya hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha yake amekuwa mshirika katika uongo hata kabla hajawa mshirika katika faida.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis, baada ya kutazama habari za kuenea kwa UKIMWI katika Afrika, alibuni redio ya kutia ufunguo kama saa, ili maneno ya afya yawafikie watu wasio na umeme wala fedha za kununua betri. Redio hizo zilitengenezwa Cape Town katika miaka ya 1990, na zikasifiwa duniani. Baadaye muundo ulibadilishwa, kamani ikaacha nafasi yake kwa betri ya kuchajiwa, na Baylis, aliyefariki mwaka 2018, alisema hadharani kwamba uvumbuzi huo haukumletea mali nyingi. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walionyesha chaja ya simu inayopata umeme kutoka dainamo ya baisikeli, nao wakaiuza kwa shilingi 350 za Kenya. Mwaka huo huo Jodie Wu alianzisha Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyouza chaja ya baisikeli pamoja na mashine ya kupukuchua mahindi kwa nguvu ya miguu. Kisha kampuni hiyo ikageukia zaidi taa za jua. Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba mguu una nguvu kuliko mkono, na safari ambayo mtu angeifunga hata hivyo humpa umeme kwa jasho dogo tu la ziada. La pili ni kwamba chombo chema chaweza kumpita mwenye kukibuni, au kupitwa na chombo kingine, bila mtu yeyote kuwa mwovu. Mwenye kutoa mtaji na alijue hilo tangu mwanzo.

Sasa na irudiwe ile hoja ya kwanza: je, fedha hiyo ni sadaka? Kilwa ina ushahidi wa zamani katika jambo hili. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Alisimulia jinsi maskini alivyomwomba sultani njiani nguo alizozivaa mwilini, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Tena alisimulia kwamba baada ya sultani huyo kufariki, nduguye Daudi alikaa mahali pake akawa kinyume chake. Mwombaji alipomjia, alijibiwa kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Watu humsifu wa kwanza na kumlaumu wa pili, na pengine ni haki. Lakini habari hiyo ina fundisho jingine: kipawa hudumu kadiri ya uhai na moyo wa mtoaji. Msafiri huyo huyo alieleza pia kwamba sultani alikuwa akipiga vita katika nchi za bara na kutenga sehemu ya tano ya mateka kwa matumizi ya dini. Nguo iliyovuliwa kwa ukarimu haikuulizwa ilitoka wapi.

Sadaka ina heshima yake, na mwenye njaa hawezi kungojea mgao wa faida. Lakini karakana inayolishwa kwa sadaka hujifunza kumtazama mtoaji badala ya mnunuzi. Fundi huuliza chombo gani kitampendeza mfadhili, wala haulizi mpini gani hautavunjika mkononi mwa mvuvi. Na mfadhili, kwa kuwa ametoa kwa ajili ya Mungu, huona haya kudai hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ikipotea kwa njia ya wema, hupotea mara mbili: fedha imekwenda, na hakuna aliyejifunza kitu.

Je, basi ni mkopo? Mkopaji hupewa fedha, huandikiwa siku, na siku ikifika hulipa, akiwa amepata au amekosa. Njia hii ni nyepesi kwa mwenye mali, kwa kuwa macho yake huishia kwenye daftari. Lakini Kilwa Kivinje inajua gharama ya macho yanayoishia kwenye daftari. Katika karne ya 19 misafara iliondoka hapo kuelekea Ziwa Nyasa ikiwa na nguo, shanga na baruti zilizotolewa kwa mkopo na matajiri wa pwani na Unguja. Deni lilitakiwa kulipwa kwa mali ya bara, na mali hiyo ilikuwa pembe za ndovu na binadamu. Kilwa ikawa bandari kubwa kuliko zote ya kupeleka watumwa Unguja, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipokataza biashara hiyo baharini. Wengi waliotoa mkopo hawakukamata mtu kwa mikono yao wala hawakuiona njia. Hesabu zao zilikuwa safi, na njia ilikuwa na damu.

Atasema mtu kwamba chaja ya simu si mnyororo, na mfano huo ni mzito mno. Ni kweli kwamba uzito si mmoja. Lakini kanuni ni moja: fedha hubeba mkono wa mwenyewe mpaka inapofikia. Fundi aliyefungwa na siku ya kulipa, na chombo chake hakijakomaa, hana njia nyingi. Atatumia waya mwembamba, meno dhaifu, na betri iliyochoka, ili auze upesi. Yeye atalipa deni. Mwenye mali atapata fedha yake. Na hasara yote itamfikia mvuvi aliyeko dagoni usiku, mpini umemvunjikia mkononi. Hapo mkopo umelipwa kwa fedha ya mtu ambaye hakukopa.

Limebaki jibu la tatu, nalo ndilo la haki kwa jambo la namna hii. Sheria ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imeongoza biashara ya pwani hii, ina mapatano yaitwayo mudharaba. Mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu walizoagana, kama nusu au theluthi, wala si kwa kiasi kilichokatwa mapema. Hasara ikitokea pasipo uzembe wala hiana ya mfanyakazi, mwenye mali hupoteza mali yake, na mfanyakazi hupoteza taabu yake. Mvuvi asiyesoma kitabu chochote anaijua maana ya jambo hili, kwa kuwa chomboni mapato hugawanywa baada ya gharama: chombo kina sehemu, nyavu zina sehemu, na mabaharia wana sehemu. Siku ya kukosa samaki, wote wamekosa.

Uzuri wa mapatano hayo ni kwamba yanamlazimisha mwenye mali kufikiri. Asiyeweza kupata hasara hana haja ya kupima. Mfano mkubwa wa jambo hilo uko katika mkoa huu wa kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa mashine nyingi na haraka kubwa. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha, wala wakulima waliozijua nchi hizo hawakuulizwa ipasavyo. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na paundi kama milioni 36 zikawa zimepotea. Reli iliyojengwa kusini kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliopanga hawakulipa kwa mifuko yao. Walilipa walipa kodi wa mbali, na wenyeji wakabaki na tuta bila treni. Mtaji mdogo wa mtu mmoja, uliopimwa kwa dakika kumi za kuzungusha mpini, waweza kuwa na akili kuliko mamilioni ambayo hayana mwenyewe.

Ipo lawama moja nzito inayopaswa kujibiwa. Yasemwa kwamba kuuza chaja ya mkono ni kufanya faida juu ya giza la watu. Gesi ya Songo Songo, katika wilaya hii hii ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 ili kuzalisha umeme. Nchi ambayo chini yake imetoka nuru ya mji mkubwa, je, iambiwe izungushe mpini? Lawama hii ni ya haki ikiwa chaja yauzwa kama jibu la haki iliyocheleweshwa. Umeme wa nyumbani ni deni la taifa kwa raia wake, na deni hilo limekuwa likilipwa: kwa juhudi za Wakala wa Nishati Vijijini nguzo zimefika katika karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara, ingawa kufika kijijini si kuingia katika kila nyumba. Mshirika wa haki hawezi kuiombea nguzo ichelewe ili biashara yake idumu. Akijikuta anasikitika kwa kuwa jirani amewashiwa taa, na ajue kwamba mtaji wake umeshaoza moyoni kabla ya kuoza dukani.

Lakini nguzo nayo ina siku yake. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatwa katika sehemu za Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Katika saa kama hizo mtu hahitaji simu iliyojaa. Ahitaji neno moja lifike. Hapo ndipo chaja ya mkono ilipo na nafasi yake ya kweli, nafasi ndogo ya heshima, kama ndoo ya kufulia maji chomboni, ambayo hakuna nahodha anayeiita tanga wala hakuna anayeondoka pwani bila hiyo.

Kwa sababu hiyo, mwenye akiba akiombwa mtaji wa kazi kama hii, wajibu wake ni mitatu. Auzungushe mpini mwenyewe kabla ya kuufungua mkoba. Aagane na fundi sehemu ya faida na namna ya kubeba hasara, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, bila kumwachia fundi jina tu na sifa. Na atoe kiasi ambacho kikipotea hakitamfanya amchukie mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu. Akitimiza hayo na biashara ikafa, amepoteza fedha na hakupoteza haki. Asipoyatimiza na biashara ikastawi, amepata fedha ambayo hajui ni nani aliyeilipa.