Ukitamani Mawingu, Unatamani Nini?



Mtu anayepiga picha za mandhari hapendi anga tupu. Jua la saa saba mchana linafanya kila kitu kionekane bapa. Tunachokitaka ni wingu zito, mwanga unaopenya pembeni, mvua inayoshuka kwa mbali kama pazia. Kwa hiyo hapa Mwanza, mimi na wenzangu wachache tunafungua programu za hali ya hewa kwenye simu na kutamani, kiukweli kabisa, dhoruba.

Sasa kwenye jumuiya yetu yupo mama ambaye nia yake ni ile ile kila wiki: kijana wake anavua dagaa, Mungu amrudishe salama. Tumekaa mkeka mmoja. Yeye anaomba ziwa litulie, mimi moyoni nina hamu ya mawingu. Mungu asikilize nani?

Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unageuka, unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko na kupandisha juu hewa yenye unyevu. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku na alfajiri. Na dagaa nao wanavuliwa usiku kwa taa, hasa giza la mwezi. Yaani saa ambayo radi inapendeza kuliko zote kwenye kamera ndiyo saa mitumbwi iko majini. Ukiiacha kamera wazi sekunde 20 unapata radi, na chini yake vidoa vidogo vya mwanga. Watu wanavipenda sana vile vidoa. Kila kidoa ni mtumbwi wenye watu.

Mimi nikihesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo nikaona hazifiki 30, najua radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Nafunga stendi, naingia ndani. Aliyeko majini hana pa kuingia.

Jibu jepesi ni kwamba kutamani kwangu hakuleti mvua. Kweli, na Yesu mwenyewe alishasema Baba anawanyeshea wema na wabaya. Ila hilo halijanijibu nageuka mtu wa namna gani nikizoea kufurahia kile kinachomnyima mwenzangu usingizi. Jibu la pili, kali, ni kuacha kabisa. Hilo nalo silikubali, na sababu yangu ni Ayubu.

Watoto wake kumi walikufa siku moja, nyumba ilipoangushwa na upepo mkali kutoka jangwani. Hiyo ni sura ya 1. Halafu sura ya 38, Mungu anapomjibu hatimaye, anamjibu akiwa wapi? Ndani ya dhoruba! Na anachomweleza ni ghala za theluji na mvua ya mawe, njia ya radi, mvua inayonyesha nyikani pasipo mtu. Anaongea kama fundi anayeonyesha kazi yake. Jamani, unamwambiaje hivyo mtu ambaye upepo umemwulia watoto?

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Ninachokiona ni kwamba Mungu anasema haya baada ya kumwacha Ayubu alie na kulalamika sura kwa sura. Wanaokemewa mwishoni ni wale marafiki walioyaeleza mateso yake kana kwamba hayawahusu. Uzuri wa radi umesemwa mbele ya mfiwa, na aliyeusema ni yule aliyemsikiliza.

Kwa hiyo picha zangu nazipima hivi: naweza kumwonyesha yule mama, palepale kwenye mkeka, na taa ya kijana wake ikiwa ndani? Zipo ambazo naweza. Nyingine, zile nilizoongeza giza mpaka ziwa likafanana na sinema ya kutisha, siwezi, na hizo sizirushi mtandaoni. (Wanaobandika radi ya programu juu ya ziwa tulivu, hao tutawaongelea siku nyingine.)

Halafu kuna hili ambalo sisi wapiga picha hatulisemi sana. Sisi tunashinda tukifuatilia anga. Tunasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tunaangalia picha za setilaiti, tunajua saa nane mchana kwamba usiku unaweza kuchafuka. Kuijua dhoruba mapema kwa ajili ya picha tu, halafu unyamaze, hapo ndipo naona dhambi inaweza kukaa. Marko anataja kitu ambacho wengi tunakiruka: usiku ule Yesu alipoituliza bahari, kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Hatuambiwi ni vya nani.

Siku hizi nikiona wingu la maana namtumia ujumbe kaka mmoja wa mwaloni kabla sijachaji betri. Mara nyingine anaahirisha safari. Mara nyingine ananijibu, "Tumeshaliona tangu asubuhi, mdogo wangu. Wewe lala."