Hukumu Juu ya Mke wa Mtu

Twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona katika simu za watoto wenu, mkalicheka, kisha mkalipita. Nalo ni mashindano ya uzuri ya wake za watu. Si wasichana, bali wanawake walio katika ndoa. Hatukusudii kuwakashifu wanawake wa mbali ambao hawatujui wala hatuwajui. Twasema kwa sababu ndani ya mashindano hayo mna kazi ya kuhukumu, na kuhukumu ni amana nzito ambayo sisi wenyewe twaifanya kila siku, barazani na ukumbini mwa harusi, bila ya kuitia katika fikira.

Asili ya mashindano haya ni Marekani, mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 mke wa mtu alipimwa kwa sura yake na pia kwa kupika, kushona, kutandika kitanda na kupiga pasi. Na miongoni mwa waliotoa fedha yalikuwamo makampuni ya gesi, ambayo shabaha yao yajulikana, kwani mwenye kuuza gesi ataka majiko yawake. Mtu aweza kuyacheka hayo. Lakini angalau shati lililopigwa pasi laonekana kwa macho, na wali ulioungua hauna wakili wa kuutetea.

Siku hizi kipimo kimegeuka. Katika mwaka 1984 yaliundwa mashindano ya dunia nzima, ambayo leo yaitwa Mrs. World, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Rosy Senanayake wa Sri Lanka, ambaye baadaye, mwaka 2018, akawa Meya wa mji wa Colombo. Hukumu yenyewe huenda hivi. Kwanza huangaliwa sharti: mshindani awe ameolewa. Kisha waamuzi huketi safu moja, kila mmoja na karatasi yake, na huandika alama kwa siri. Haruhusiwi kumnong'oneza jirani yake. Karatasi hukusanywa na mtu mwingine ambaye kazi yake ni kujumlisha tu. Wenye alama nyingi huendelea, wengine hurudi nyumbani, na mara nyingi alama za kwanza hufutwa ili waliobaki waanze sawasawa. Yako mashindano ya Marekani ambamo nusu ya alama ni za mahojiano ya faragha, robo ni za vazi la jioni, na robo ni za vazi la mazoezi au la kuogelea. Na katika baadhi yake mume humsindikiza mkewe jukwaani, amemshika mkono, wakapigiwa makofi wote wawili.

Ama khabari ya sitara, haihitaji maneno mengi kwa wasomaji wetu. Mwanamke wa Kiislamu ajua mipaka ya pambo lake na nani wa kumwonyesha, na mume anayemsindikiza mkewe ili watu wasiomhusu wautie alama mwili wake, huyo na ajiulize ghera yake ameiweka wapi. Hilo twalipita.

Tulitakalo ni hukumu. Tukitazama kwa insafu, utaratibu tulioueleza una mema yake: siri ya karatasi, mtu wa kujumlisha asiye mwamuzi, kuanza upya kwa usawa. Baraza zetu nyingi hazina hata moja katika hayo! Walakini upungufu mkubwa umo katika shina lake. Jina linalotolewa ni jina la mke, na kinachopimwa si uke wa mtu. Waamuzi humwona bibi yule kwa dakika chache, amejipamba, amejitayarisha kwa majibu. Hawakumwona mumewe alipopoteza kazi. Hawakumwona usiku mtoto alipokuwa na homa. Aliyeyaona hayo hakupewa karatasi.

Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kutujulisha nani mbora katika mambo ya nyumba, aliufanya uso wa mtu kwa ahli zake kuwa ndio kipimo, akajitaja nafsi yake kuwa ni mbora kwa ahli zake kuliko sisi sote. Izingatieni maana yake, enyi wanaume. Katika kipimo hicho wanaoshindana ni waume, na wenye kutia alama ni wake zao, ndani ya nyumba zao, muda wa miaka. Sijui ni wangapi kati yetu ambao wangepita duru ya kwanza. Na katika Hadithi nyingine tumefundishwa ya kwamba Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo na amali. Basi kilichobaki kwa mwamuzi wa kibinadamu ni kidogo sana.

Sasa tuje kwenye kisa cha Colombo, ambacho ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Tarehe 4 Aprili 2021, kisiwani Sri Lanka (kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikiita Sarandibu), waamuzi walimtaja Bibi Pushpika De Silva kuwa mshindi wa mwaka wa wake wa nchi ile. Akavikwa taji. Mara Bibi Caroline Jurie, aliyekuwa na taji la dunia wakati huo, akashika kipaza sauti, akawaambia watu ya kwamba kanuni zakataza mwanamke aliyeachwa, na kwa hivyo taji ni la aliyefuatia. Akalivua kwa mikono yake kichwani mwa mwenzake, mbele ya umati na mbele ya kamera za televisheni, akamvika mwanamke wa pili. Yule aliyevuliwa alitoka jukwaani, na baadaye ikasemwa kwamba alikwenda hospitali kwa maumivu ya kichwa.

Ukweli ulikuwa nini? Wenye mashindano walithibitisha ya kwamba bibi yule ametengana na mumewe, lakini hakuachwa. Taji likarudishwa kwake, naye akasema kwamba alitunukia wanawake wanaolea watoto peke yao katika nchi yake. Bibi Jurie alikamatwa na polisi siku chache baadaye, akaachiliwa kwa dhamana, na mwisho akaliacha taji la dunia, likamwendea bibi wa Ireland aliyekuwa wa pili wake.

Angalieni, ndugu zetu, ni milango mingapi ya adabu ya hukumu iliyovunjwa katika dakika moja. Qur'ani, katika Suratul Hujurat, yatuamrisha kuihakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Mtume (S.A.W.) alimuusia Sayyidna Ali, alipompeleka Yemen kuwa kadhi, asikate neno kwa mmoja wa wagomvi mpaka amsikie na wa pili. Na alimkataza hakimu kuhukumu hali ya kuwa ana hasira. Pale jukwaani khabari haikuhakikishwa, wa pili hakusikilizwa, na aliyehukumu hakuwa hata mmoja wa waliopewa karatasi!

Tena sharti lenyewe, kwamba awe ameolewa wala hakuachwa, si jepesi kama anavyolidhani mtu wa jukwaani. Waislamu wa Sri Lanka ni Mashafii kama sisi, na wana makadhi wao kwa sharia ya nchi ya mwaka 1951, kama sisi Kenya tulivyo na mahakama za Kadhi. Waulizeni makadhi. Mwanamke aliyetoka nyumbani kwa mumewe kwa ugomvi bado ni mke. Mwanamke aliyepewa talaka rejea naye, maadamu yumo katika eda, mumewe aweza kumrejea bila ya ndoa mpya. Na akifa mmoja wao katika muda huo, mwenziwe amrithi. Aliyefunguliwa ndoa na kadhi ana hukumu nyingine. Haya ni mambo ya vitabu na mashahidi na siku za kuhesabiwa, si ya kutangazwa kwa kipaza sauti.

Nasi mijini mwetu? Zamani mabibi wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nguo na gharama, hata wanazuoni wakaikemea israfu ile. Leo lelemama imepungua, lakini safu ya waamuzi iko palepale, imehamia ukumbi wa harusi. Mwanamke akiingia peke yake mara mbili tatu, bila ya khabari ya mumewe, watu huanza kuulizana kama bado yuko katika ndoa. Hapigiwi kelele wala havuliwi taji. Huvuliwa heshima yake polepole, mkeka kwa mkeka, mpaka hata wale waliokuwa wakimwita kuja kumpamba bibi harusi hawamwiti tena, kwa kuogopa nuksi. Na ikiwa ameachwa kweli, je, ametenda dhambi gani? Miongoni mwa wake wa Mtume (S.A.W.) walikuwamo wajane na walioachwa, nao ndio mama zetu sote.

Wapendao kuulizana mikekani na wajue hili. Katika madhehebu yetu, mwanamke akisema ya kwamba eda yake imekwisha kwa kuhesabu siku zake, na muda unaruhusu jambo hilo, husadikiwa yeye. Na mume akimkanusha, mwanamke huapa, na neno ni lake. Mwenyezi Mungu amewafanya wanawake kuwa waaminifu wa khabari hiyo. Kadhi mwenyewe, pamoja na kitabu chake na karani wake, huanza kwa kumwuliza yeye.