Kisima Kisicho Ukingo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, kuna neno limekuwa jepesi katika ndimi za watu: "Kiwanja ni changu na hati ninayo, ni nani wa kuniamrisha nijenge ukuta?" Hulisema mtu aliyechimba kisima kisicho ukingo, au aliyejenga hodhi la kuogelea nyuma ya nyumba yake na kuliacha wazi, naye hudhani kuwa sharia iko upande wake.

Ni kweli imepokewa katika Hadithi iliyo sahihi kwamba aangamiaye kisimani hana fidia. Wengi huisikia hiyo wakatulia. Lakini maulama wameieleza: ni kwa yule aliyechimba pahala pake bila ya kupindukia mpaka. Ama aliyechimba katika njia nyembamba ya watu pasipo idhini, dhamana i shingoni mwake. Bali Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu wakisomacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Kishafii, amekwenda mbele zaidi. Mtu akichimba kisima katika ukumbi wa kuingilia nyumbani mwake, kisha akamwita mgeni asiyekijua, naye akatumbukia, kauli iliyo na nguvu ni kuwa mwenye nyumba atalipa. Tazameni: nyumba ni yake, kisima ni chake, na bado anaulizwa.

Mtasema, mtoto wa jirani hakuitwa na mtu. Naam, hakuitwa, na pengine Kadhi hatakuhukumu kulipa. Lakini maji yalimwita. Mtoto wa miaka 3 hapambanui baina ya maji na sakafu. Humfuata kuku wake mpaka ukingoni, akazama kwa dakika chache na kwa kimya, bila ya ukelele, hali mama yake yu jikoni akidhani anacheza uani. Je, utakwenda kwenye matanga ya jirani yako na hati ya kiwanja mkononi?

Abu Daud amepokea makemeo ya Mtume wetu (s.a.w.) juu ya alalaye darini pasipo kizuizi. Ikiwa mtu mzima amekemewa kwa nafsi yake, mtoto asiye na akili ya kujilinda ana haki zaidi ya kuwekewa kizuizi.

Wengine huzidharau kanuni za mji, wakisema ni mambo ya Wazungu. Huko Australia sheria hutaka hodhi la nyumbani lizungushiwe ua usiopungua mita 1.2, na lango lijifungalo lenyewe. Mimi sioni humo ila kuondoa madhara, na kuondoa madhara ni katika dini yetu kabla ya kuwa katika daftari la baraza lo lote.

Wala ua usigeuzwe kuwa uadui. Mtume (s.a.w.) amekataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo kila mwenye kisima akifunike kwa kifuniko kizito asichoweza mtoto kukiinua, na mwenye hodhi atie komeo la lango juu, mkono wa mtoto usipofika.

Wabillahi ttaufiq.