Mshauri na Mama wa Mkaa



Mwezi uliopita alitutembelea hapa Mafiga kijana mmoja ambaye zamani tulimfundisha. Siku hizi kazi yake ni kuzishauri serikali namna ya kupunguza hewa ukaa. Anakaa nchi hii miezi mitatu, nchi ile miwili. Anaandika mpango, analipwa, anaondoka. Analipwa vizuri, wala hakutuficha. Alipokwisha kunywa chai akauliza, "Mwalimu, hivi kazi hii ni ya haki?" Tulidhani anatania. Hakuwa anatania.

Tulimwambia atazame mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Wataalamu waliona udongo unamomonyoka na kuteremkia mitoni, na katika hilo hawakukosea. Basi wakaagiza watu wachimbe matuta ya ngazi mashambani, kwa amri ya sheria. Wakulima wakasema udongo wa miteremko yao ni mwembamba: ukichimba ngazi unafukia rutuba na kuleta juu udongo usiozaa. Hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Sisi tulizaliwa baadaye, lakini habari hiyo tulikua tukiisikia kwa wazee. Na ajabu ni kwamba kule Mgeta, ambako mboga ziliwapatia watu fedha, matuta yaliendelea kulimwa bila askari kusimama pembeni.

Tuje kwa mambo ya leo. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, kulinganisha na kiasi ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni malengo mema. Moshi umeharibu vifua vya mama zetu, na misitu tunaiona inavyokwisha. Lakini sisi tunakaa mahali ambapo jina lake lenyewe ni mawe ya jikoni! Pale kona yupo mama anayeuza mkaa kwa makopo, na kwa makopo hayo amesomesha watoto. Gesi ikituishia kabla ya pensheni, nasi humwendea yeye. Katika mpango ulioandikwa vizuri, mama huyo ni sehemu ya asilimia.

Tulipofundisha chuo cha ualimu tuliona maandalio mengi ya somo yaliyopendeza kwenye karatasi. Mwanachuo akienda nalo darasani, watoto wakakodoa macho, kesho yake atawakuta watoto wale wale. Hapo ndipo tunapoona shida ya kazi ya kijana wetu. Kulipwa si kosa. Hata sisi tulilipwa. Shida ni kwamba mpango unapoanza kuuma, mwandishi wake yuko nchi nyingine akiandika mwingine.

Alitujibu kwa maneno mawili, na yote mawili yalitulemea. Kwanza, kwamba jua na mafuriko havingoji mpaka kila mtu aridhike. Pili, "Nikikataa mimi, atakuja mwingine asiyejua hata mafiga ni nini."

Hatukuwa na la kumpinga. Tulimshauri jambo moja tu: katika mkataba wake ujao aombe kurudi baada ya miaka miwili, akae na watu wale wale wamhoji. Akacheka, akasema hakuna serikali inayotenga fedha kwa kazi hiyo. Tukamwambia aombe hivyo hivyo, akataliwe kwa maandishi.

Alipoondoka tulimwona amesimama pale kona kwa mama wa mkaa. Alisimama muda mrefu, kisha akavuta kigoda akakaa.