Kura Chini ya Msalaba



Askari waliomsulibisha Mwokozi waliketi chini ya msalaba, wakaipigia kura kanzu yake. Yeye alikuwa akitoa uhai wake, nao walikuwa wakitafuta faida ya nguo. Ndivyo ilivyo kamari: humpofusha mtu asimwone anayeumia mbele yake.

Siku hizi mashine ziitwazo dubwi zimefika hata vijijini, zimewekwa barazani pa maduka, nazo humeza sarafu za shilingi 200. Mtoto aliyetumwa chumvi hurudi mikono mitupu.

Katika Tanzania iko Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyoweka Bodi ya kuisimamia. Yakataza mashine isiyo na leseni, tena yamkataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, waliweka miaka 25. Basi sheria zipo. Lakini mwenye mashine akiona faini ni ndogo kuliko pato lake, huihesabu kuwa ushuru tu, akaendelea. Kwa hiyo ni haki kuwaomba watawala waongeze adhabu, na kuzitimiza.

Mtume Paulo aliwafundisha Warumi ya kuwa upanga wa kuadhibu uovu umo mkononi mwa mtawala. Haumo mkononi mwetu. Basi vijana wasizivunje mashine hizo. Sisi tumpashe habari mwenyekiti wa kijiji, naye afanye kazi yake.

Walakini sheria ni kama lijamu: humzuia mnyama asipotee, haimgeuzi moyo. Amri ya saba hutupeleka mbali zaidi. Hutukataza kuiba, na ashindaye katika kamari hutwaa jasho la jirani pasipo kumpa kitu.

Nasi tujiulize: baraza lile lililowekwa mashine ni la nani? Penginepo ni la mzee wa kanisa. Kila juma hupokea fungu lake, na siku ya Bwana huleta sadaka. Ndugu yangu, ndani ya sadaka hiyo imo chumvi ya yule mtoto. Iondoe mashine kwanza, kabla askari hajafika, ndipo uje madhabahuni. Nanyi wengine, msimcheke aliyepoteza mali yake, bali mketi naye na kumsaidia arudie kazi.

Bwana atupe riziki ya kila siku, nasi tuipokee kwa mikono safi. Amin.