Asiyejua Hana Kosa?

Jumamosi moja ya mvua tulikuwa tumekaa na vijana wetu, wavulana na wasichana wa miaka 13 mpaka 17, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Tulikuwa tukiwaeleza habari za gripi, yaani ile homa ya mafua inayorudi kila mwaka, na namna gripi mpya inavyoweza kutokea siku moja na kuizunguka dunia yote. Tukasema kwamba mtu aliyeshikwa na gripi huweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia mgonjwa. Hapo msichana mmoja, mwimbaji wa kwaya, akainua mkono.

“Mwalimu, kama leo mimi ni mzima, ninaimba, ninarudi nyumbani, ninakula na nyanya yangu sahani moja. Kesho ninapata homa. Wiki moja ikipita nyanya anakufa. Je, ni mimi niliyemwua?”

Tukamjibu upesi, labda upesi mno: “Hapana, binti yetu. Hukujua. Asiyejua hana kosa.”

Basi mvulana mmoja, yule ambaye siku zote hukaa karibu na mlango, akasema: “Mwalimu, kama ni hivyo, afadhali msitufundishe. Jana hatukujua, tulikuwa hatuna kosa. Leo mmetujulisha. Kuanzia leo, tukienda kwenye kwaya na homa, tuna kosa.”

Wote wakacheka, na sisi pia. Lakini tulipofunga mlango na kushika njia ya nyumbani, neno lile lilitufuata. Kijana alifanya mzaha, lakini alikuwa amegusa jambo ambalo walimu wakubwa wa Kanisa wameliandikia kurasa nyingi.

Kesho yake, baada ya Misa, baba mmoja alitungojea chini ya mwembe. Alisema kwa upole: “Bwana Mwalimu, watoto hawa wameona vita. Wameona Ebola. Wameona Korona, makanisa na masomo vikafungwa. Mnawatafutia hofu gani tena? Waacheni wacheze. Ugonjwa ukija, tutaona.” Hatutaki kumdharau baba huyu. Anawapenda watoto wake, na kweli wamebeba mengi kupita umri wao.

Basi kuna maswali mawili yanayoshikana. Je, ni vema kumpa kijana ujuzi unaomtia hofu? Na je, ni vema kumpa ujuzi unaomtwika hatia ambayo asipojua hangekuwa nayo?

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe, maana watu wengi huuchukua kama jambo la kupiga chafya tu. Kijidudu cha gripi ni kidogo hata hakionekani kwa darubini ya kawaida. Hutoka katika kikohozi, katika chafya, hata katika kusema na kuimba, kikamwingia jirani kwa pua, kwa kinywa au kwa macho. Baada ya siku moja mpaka nne homa inapanda, kichwa na viungo vinauma. Walio wengi hupona kwa wiki moja. Lakini kwa wazee, kwa watoto wachanga, kwa mama wenye mimba na kwa wale wenye moyo au kifua kibovu, gripi hufungua mlango wa vichomi, na hapo mtu huweza kufa.

Tena kijidudu hiki hubadilika kila mwaka, ndiyo sababu chanjo yake hutengenezwa upya kila mwaka. (Katika vijiji vyetu waliowahi kuiona chanjo hiyo ni wachache mno, lakini hiyo ni hoja ya kuwauliza wakubwa, si vijana.) Mara chache hutokea badiliko kubwa: kijidudu cha ndege na kijidudu cha mtu hukutana, kwa mfano katika mwili wa nguruwe mmoja, hubadilishana vipande, na hutoka kitu kipya ambacho miili yetu haikijui. Ilitokea hivyo mwaka 1957, na tena mwaka 1968, na kila mara watu kama milioni 1 walikufa duniani. Mwaka 2009 nguruwe walihusika katika gripi mpya iliyoanzia Amerika na kufika kila bara. Na mwaka 2017 homa ya ndege iliwaua kuku na bata kando ya Ziwa Albert, huku kwetu Ituri. Si habari ya mbali.

Ugonjwa mkubwa kupita yote ulikuwa ule wa mwaka 1918. Waliokufa hukadiriwa kuwa kama milioni 50, na ajabu yake ni kwamba uliwachukua wengi wenye nguvu, wa miaka 20 mpaka 40. Kongo uliingia kwa meli huku magharibi, na kwa gari la moshi kutoka kusini kuelekea Katanga. Watu waliuita gripi ya Hispania. Wahispania hawakulipenda jina hilo, na walikuwa na haki. Nchi zilizokuwa vitani zilificha habari za wagonjwa wao. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yaliandika wazi, basi ikabebeshwa jina. Ndivyo ilivyo tangu zamani: mwenye kutaja ugonjwa huhesabiwa kama ndiye aliyeuleta. Hata sisi, chini ya mwembe ule, tulihesabiwa hivyo kidogo.

Sasa tuwapeleke mbali, katika visiwa vya Samoa, katika bahari kubwa ya Pasifiki. Mwaka 1918 visiwa hivyo vilikuwa vimegawanyika: vya mashariki vilitawaliwa na Marekani, vya magharibi na New Zealand. Watu walikuwa kabila moja, lugha moja, na bahari katikati yao si pana. Tarehe 7 mwezi wa 11 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland ambako gripi ilikuwa imewaka tayari, ilifika bandari ya Apia upande wa magharibi. Ilikuwa na wagonjwa ndani. Wakubwa wa bandari waliwaacha wasafiri washuke. Katika majuma machache watu kama 8,500 walikufa, yaani zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Upande wa mashariki, gavana John Poyer alikuwa amezisikia habari za ugonjwa. Alizuia meli zisishushe watu kabla ya kukaa siku za kungoja, na wenyeji wenyewe walilinda fukwe zao. Upande huo hakufa hata mtu mmoja kwa gripi ile.

Nani aliyewaua watu wa Apia? Hakuna aliyetaka kuua. Msafiri aliyeshuka akikohoa alikuwa na furaha ya kufika nyumbani. Wakubwa wa bandari waliweza kusema: hatukujua. Lakini uchunguzi wa mwaka 1919 uliona kwamba palikuwa na uzembe, na mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Apia akaomba msamaha mbele ya watu. Baada ya miaka 84 aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyelikusudia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kupambanua. Kuna ujinga ambao mtu hakuweza kuushinda. Huo humtoa hatiani. Na kuna ujinga wa yule aliyeweza kujua na aliyepaswa kujua, lakini hakujisumbua kuuliza. Huo wenyewe ni kosa. Msafiri wa Talune labda ni wa kwanza. Wakubwa wa bandari ni wa pili.

Basi kijana wetu wa mlangoni yuko upande gani? Amesema kweli kwamba asiyejua hana kosa. Lakini amesahau kwamba nyanya anazikwa vilevile. Ujinga humwokoa mjukuu katika hukumu, haumwokoi nyanya katika kaburi. Tena, sisi wazee tukijua na tukanyamaza ili watoto wabaki bila kosa, kosa halikupotea. Tumelihamisha tu. Limetoka juu ya kichwa cha mtoto, ambaye hakuweza kujua peke yake, likakaa juu ya kichwa chetu sisi tulioweza kumwambia.

Hata hivyo hoja ya baba yule inabaki. Mtoto mwenye kujua hubeba mzigo. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo hatulisemi kwa raha.

Wakati wa Korona tulimjua mvulana mmoja wa miaka 14. Alikuwa ametoka mjini kumtembelea babu yake. Baada ya siku chache babu akashikwa na kifua, akafa. Hakuna aliyempima, hakuna aliyejua alikufa kwa ugonjwa gani. Lakini matangani mtu mmoja alisema kwa sauti: “Ni huyu aliyemletea.” Mvulana hakulia. Aliacha kuja kwenye mafundisho. Alipotujia mwishoni kutuuliza, tulimwambia: “Usifikiri mambo hayo, mwanangu, sali tu.” Tulidhani tunamfariji. Kumbe alikuwa ameuliza swali lilelile la yule msichana, na sisi tulimfungia mlango. Hakurudi tena kutuuliza.

Mvulana huyu hakufundishwa na mtu yeyote habari za maambukizo, na mzigo aliubeba. Aliupokea kwa mlevi wa matangani, tena mzima mzima, bila mtu wa kumwonyesha mipaka yake. Watoto wetu hawana nafasi ya kuchagua kati ya kujua na kutojua. Watajua kwetu sisi, au watajua njiani. Tuliyaona hayo Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwaka 2018 mpaka 2020, Ebola ilipowaua watu zaidi ya 2,200. Uvumi ulifika kabla ya mafundisho. Watu waliambiwa kwamba ugonjwa ni biashara, na wengine wakawapiga mawe wale waliokuja kuwasaidia. Mwaka 2024 huko Panzi, katika jimbo la Kwango, watoto walikufa na kwa majuma mengi watu walisema ni ugonjwa usiojulikana. Vipimo vilionyesha malaria pamoja na magonjwa ya kifua, gripi ikiwa mojawapo, katika miili iliyodhoofika kwa njaa. Magonjwa ya kila siku yalikuwa yameogopwa kama jini kwa kukosa jina.

Basi tunafundisha, lakini tunafundisha na mipaka pia. Jumamosi ya pili tulimwita yule msichana tukamjibu upya, polepole. Tulimwambia: Ukiwa mzima leo, na huna dalili yoyote, na ukaimba, hukutenda kosa, hata likitokea la kutokea. Hakuna anayeweza kuifuata pumzi moja tangu kinywa kimoja mpaka kifua kingine. Lakini ukiamka na homa na kikohozi, ukajua, halafu ukaenda kwenye kwaya kwa sababu leo utaimba peke yako mbele ya watu, hapo dhamiri yako ina neno la kukuambia. Na hiyo Jumapili ya homa, kukaa nyumbani si dhambi. Mgonjwa hafungwi na amri ya Misa. Ni kumpenda nyanya.

Akatuuliza tena, maana huyu hachoki kuuliza: “Na kama tunalala watano katika chumba kimoja?” Ni swali la haki. Mungu hamdai mtu asichoweza. Kukohoa katika kiwiko anaweza. Kufungua dirisha, kula katika sahani yake, kunawa mikono, kumwambia mama mapema badala ya kuficha, hayo anaweza. Kuongeza chumba hawezi, na hatia ya chumba kile si yake.

Tuliwaambia na mambo mengine machache ya nyumbani, kwa sababu mara nyingi ni vijana wanaotumwa kununua dawa. Vidonge vya ampisilini haviui kijidudu cha gripi. Ni kazi ya mganga wa hospitali kuona kama vichomi vimeingia. Aspirini asipewe mtoto wala kijana mwenye gripi, kwa maana huweza kumletea ugonjwa mkali wa ubongo na maini. Mgonjwa anywe maji mengi. Akihema kwa shida, au midomo ikigeuka rangi, asingojewe mpaka kesho.

Jambo lililowashika zaidi halikuwa dawa. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1918, katika nchi nyingi, nyumba nzima ililala siku moja, na wengine waliokuwa wakiweza kupona walikufa kwa kukosa mtu wa kuwaletea maji na uji. Wakanyamaza. Halafu yule mvulana wa mlangoni akauliza ni wazee wangapi katika parokia yetu wanaolala peke yao. Hatukujua. Tuna daftari la ubatizo na daftari la ndoa, lakini daftari la wazee wanaolala peke yao hatukuwa nalo.

Walilitengeneza wao wenyewe kwa majuma matatu, kilima kwa kilima. Wamepata nyumba 41. Mbele ya kila nyumba wameandika jina la kijana wa kuweka dumu la maji na chakula mlangoni, bila kuingia, siku ambayo ugonjwa utatufunga. Baba yule wa mwembe aliposikia alikuja kulitazama daftari. Alisoma kimya, akakuta jina la mama yake, akasema kwamba kijana aliyeandikiwa nyumba ile ni mdogo mno kwa dumu la lita 20. Tukampa kalamu, akalifuta jina hilo na kuandika la mtoto wake mkubwa.